Vipande vya tende na matunda vya kuoka bila kuongeza sukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja kwa wingi baada ya Ramadhani, tende zinapobaki kabatini na watu wanatafuta pa kuzipeleka. Majibu yanamlenga anayeokea nyumbani, awe na oveni au jiko la mkaa.

Vipande hivi ni kitu gani hasa?

Ni matabaka matatu. Chini kuna mchanganyiko wa oti, unga na siagi ulioshindiliwa kwenye trei. Katikati kuna rojo la matunda. Juu yake hunyunyizwa makombo ya mchanganyiko ule ule, kisha trei inaingia motoni. Vikipoa hukatwa miraba.

Wazo si geni. Waarabu wana maamoul, vibiskuti vya semolina (unga wa ngano wa chengachenga) vilivyojazwa tende. Kanada nako wana mraba wa tende wenye oti chini na juu, na watu wa magharibi mwa nchi hiyo huuita keki ya ndoa. Ule wa Kanada kwa kawaida hutiwa sukari ya kahawia kwenye oti. Hapa tumeiondoa, utamu wote tumeuachia matunda.

Kwa hiyo havina sukari?

Vina sukari, tena si kidogo. Karibu theluthi mbili ya uzito wa tende kavu ni sukari yake ya asili. Ukifuata vipimo vilivyo hapa chini na kukata vipande 16, kila kipande kitakuwa na gramu 13 hivi za sukari, sawa na vijiko vitatu vya chai, na kalori zinazokaribia 190.

Kinachotofautisha ni jinsi sukari hiyo inavyokuja. Tende inakuja na nyuzinyuzi zake, gramu 8 hivi kwa kila gramu 100, na oti inaongeza nyingine. Kipande kimoja kinashibisha, jambo ambalo keki ya kawaida hailifanyi. Lakini anayekula vipande sita kwa sababu "havina sukari" amejidanganya mwenyewe, na tumbo litamwambia.

Naomba vipimo.

Kwa trei ya mraba yenye sentimita 20 kila upande.

Rojo: tende gramu 300 zilizotolewa kokwa, maji mililita 200, maji ya ndimu kijiko kimoja cha chakula.

Mchanganyiko: oti gramu 180 (vikombe viwili), unga wa ngano gramu 120 (kikombe kimoja), siagi gramu 120 iliyoyeyushwa, ndizi moja iliyoiva sana iliyopondwa, iliki ya kusaga kijiko kimoja cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, baking poda nusu kijiko cha chai.

Weka tende na maji kwenye sufuria, chemsha kwa moto mdogo dakika nane hadi kumi huku ukiponda kwa mwiko. Ukipitisha mwiko chini ya sufuria na njia yake ikabaki wazi kidogo kabla ya kufunga, rojo liko tayari. Tia ndimu, acha lipoe. Brenda si lazima. Mimi napendelea rojo lenye vinyama vya tende kuliko lililosagwa likawa laini kama chakula cha mtoto.

Changanya vikavu vyote, tia siagi na ndizi, vuruga kwa vidole mpaka upate makombo yanayoshikana ukiyafumbata. Tandika karatasi ya kuokea kwenye trei, weka theluthi mbili ya makombo na ushindilie kwa nguvu ukitumia kitako cha glasi. Paka rojo. Nyunyiza makombo yaliyobaki, yabonyeze kidogo tu. Oka kwa nyuzi 170 dakika 35 hadi 40, mpaka juu pawe na rangi ya dhahabu.

Halafu subiri. Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi. Vikikatwa vya moto vinamomonyoka, na lawama zinaangukia vipimo. Viache saa mbili angalau, na kama una friji viingize humo nusu saa kabla ya kukata.

Kwa nini nyuzi 170 na si 180 kama keki nyingine?

Sukari ya tende na ya ndizi ina fruktosi nyingi (aina ya sukari ya matunda), na fruktosi huanza kuungua mapema, karibu nyuzi 110, wakati sukari ya mezani husubiri hadi nyuzi 160 hivi. Kwenye moto wa keki, pembeni rojo litakuwa jeusi na chungu kabla katikati hapajaiva. Kwa sababu hiyo hiyo usiache rojo lichungulie kwenye kingo za trei. Lizibe kwa makombo.

Nitumie tende zipi?

Usinunue za bei ghali. Medjool au Ajwa kula hivyo hivyo na kahawa. Kuzichemsha hadi ziwe rojo ni kupoteza pesa. Zile za kubanana zinazouzwa kwa kilo Kariakoo, Darajani au Kongowea zinafanya kazi vizuri kabisa, na zikiwa ngumu unaongeza tu maji na dakika chache za kuchemsha. Khalas na Fardh kutoka Oman ni nzuri mno zikipatikana kwa bei ya kawaida, Khalas hasa, kwa kuwa ina ladha inayokaribia ya karameli.

Angalia mambo mawili. Kwanza, soma pakiti: tende nyingine za viwandani hupakwa sharubati ya glukosi ili zing'ae, na hiyo ni sukari iliyoongezwa. Pili, hata kama pakiti imesema hazina kokwa, zifungue moja moja. Kokwa moja iliyosahaulika inatosha kuvunja jino la mgeni, na ukiipasua tende utaona pia kama kuna mdudu ndani.

Naweza kutumia embe au nanasi badala ya tende?

Unaweza, ila ujue unabadilisha nini. Embe bivu lina sukari gramu 14 hivi kwa kila gramu 100, nanasi karibu 10. Kinachobaki karibu chote ni maji. Ukimimina embe lililopondwa moja kwa moja juu ya oti, tabaka la chini litalowa na halitaiva kamwe, hata ulioke mpaka jioni.

Dawa yake ni kuyafukuza maji kwanza. Chukua gramu 600 za nyama ya embe (dodo na boribo yanafaa, yale yenye nyuzi nyingi hayafai), pika kwenye sufuria pana bila kufunika, moto wa wastani, ukikoroga mara kwa mara hadi libaki nusu. Rojo la embe likianza kurukaruka na kuunguza mikono, punguza moto, umekaribia. Msimu wa maembe wa mwisho wa mwaka ndio wakati wa kufanya hivi, yanapokuwa rahisi na matamu. Nje ya msimu huo utapata rojo chachu lenye rangi nzuri.

Nanasi peke yake huwa kali. Lichanganye nusu kwa nusu na tende, tia tangawizi mbichi iliyokunwa, na utapata rojo ninaloliona bora kuliko yote katika ukurasa huu.

Papai sikushauri. Likipikwa linapoteza harufu yake na kubaki na utamu uliopooza. Fenesi bivu linafaa kwa anayelipenda, likatwe vipande vidogo sana, lakini harufu yake itakaa kwenye friji yako kwa muda.

Ndizi ya aina gani?

Yoyote ya kula, mradi imeiva hadi ganda liwe na madoa meusi. Wanga wa ndizi mbichi hugeuka sukari kadiri inavyoiva, kwa hiyo ndizi unayoona aibu kumpa mgeni ndiyo unayoitaka hapa. Ndizi ndogo za kisukari, weka mbili au tatu. Ndizi za kupika, hata zikiiva, huleta ugumu fulani usiopendeza.

Vyangu vimetoka vikavu na vigumu. Tatizo ni nini?

Hapa inabidi tuongee kuhusu kazi za sukari, kwa kuwa utamu ni moja tu kati ya hizo. Sukari huvuta maji na kuyashikilia, ndiyo maana keki yenye sukari hubaki laini siku kadhaa. Huzuia gluteni ya unga wa ngano, ile protini inayoufanya uvutike na kushikana, kujifunga sana. Huleta rangi ya kahawia na ile harufu ya kuoka. Ikisuguliwa na siagi huingiza hewa. Ukiiondoa, kazi zote hizo zinabaki bila mtu.

Katika vipande hivi, ndizi na tende zinachukua kazi ya kushika maji, siagi inalinda ulaini, na oti, ambayo haina gluteni ya ngano, inapunguza mshikamano wa unga. Kwa hiyo kama vimetoka vigumu, kuna uwezekano mkubwa kwamba umefanya mojawapo ya haya: umepunguza siagi, umekanda badala ya kuvuruga kwa vidole, umeweka unga mwingi kwa sababu umepima kwa kikombe kilichoshindiliwa, au umeviacha motoni mpaka viwe na rangi ya biskuti za dukani. Bila sukari ya ziada kwenye oti, rangi hiyo haitafika kwa wakati. Dhahabu ya kufifia ndiyo mwisho, vitoe.

Mizani ya jikoni inasaidia kuliko ushauri wowote. Kikombe cha mtu mmoja si kikombe cha mwingine.

Naweza kuweka mafuta ya nazi badala ya siagi? Na tui?

Mafuta ya nazi, ndiyo, gramu 100 zinatosha. Yanaganda kwenye friji, hivyo vipande hukatika vizuri, ila kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam vitalegea mezani. Tui ni jambo jingine, lina maji mengi. Likipendwa, lipikie tende badala ya yale maji mililita 200, tui zito, moto mdogo, na iliki iingie humo humo.

Asali je? Sukari guru?

Zote mbili ni sukari iliyoongezwa. Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Asali imetengenezwa na nyuki, ndiyo, lakini katika mwongozo wake wa mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linaihesabu pamoja na sharubati na maji ya matunda kuwa sukari huru, ile inayoshauriwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2000, hiyo ni gramu 50, na ikiwezekana 25.

Sukari iliyomo ndani ya tunda zima haihesabiwi humo. Ila usishangilie mapema: Uingereza huihesabu sukari ya matunda yaliyosagwa kuwa rojo kama sukari huru, kwa kuwa tunda limekwisha kuvunjwa na sukari yake imetoka. Tende iliyokatwakatwa bado iko upande salama, rojo lina ubishi. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka brenda pembeni.

Kama unapenda ladha ya asali na huna katazo la daktari, weka kijiko. Usiite tu vipande hivyo "bila kuongeza sukari".

Sukari nyingine hujificha wapi?

Siagi ya karanga ya kopo, nazi kavu ya pakiti, oti zenye ladha za kutayarishwa haraka, matunda yaliyokaushwa ya rangi rangi, maziwa mazito ya kopo. Geuza pakiti usome. Oti nzimanzima zisizo na ladha, karanga ulizokaanga na kutwanga mwenyewe, na nazi uliyoikuna kwa mbuzi hazina haja ya kusomwa.

Vitamu vya kopo kama stevia vinafaa?

Havina kazi hapa. Matunda yameshatosha, na vitamu hivyo havishiki maji wala havileti rangi. Mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, kwa hiyo kama umeelekezwa kuvitumia na mhudumu wako wa afya, fuata maelekezo yake.

Mama yangu ana kisukari. Anaweza kula?

Anaweza kula kipande akikihesabu. Mbali na gramu 13 za sukari kuna wanga wa oti na unga, jumla kipande kina gramu 28 hivi za wanga. Kikae mahali pa chakula kingine chenye wanga, kisiongezwe juu ya chai ya maziwa na chapati. Kata vipande 24 badala ya 16, na kama ana kipimo nyumbani, apime kabla na saa mbili baada ya kula aone mwili wake unavyopokea, kwa kuwa watu hutofautiana. Kipimo cha dawa kisiguswe bila kliniki.

Jambo moja la hatari: sukari yake ikishuka ghafla, akaanza kutetemeka na kutoka jasho, usimpe kipande hiki. Mafuta na nyuzinyuzi vitachelewesha sukari kufika kwenye damu. Mpe maji ya matunda au sukari iliyokorogwa kwenye maji, akiwa na fahamu za kuweza kumeza. Akiwa hawezi kumeza, usimwekee kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Na watoto?

Wa mwaka mmoja kwenda juu, kipande kidogo kilicholainika, bila njugu nzima. Karanga na korosho nzima zisubiri mpaka miaka mitano kwa sababu ya kupaliwa, kabla ya hapo zisagwe. Asali chini ya mwaka mmoja ni marufuku, kuna hatari ya sumu ya botulizimu. Tende hunata kwenye meno kuliko chokoleti, hivyo vipande vya shule vifuatwe na maji, na usiku mswaki usisahaulike.

Sina oveni. Jiko la mkaa litafaa?

Litafaa, na mtu aliyewahi kupika mkate wa kumimina kwa kupalia makaa anajua zaidi ya nusu ya kazi. Kanuni ni moto mdogo chini, mwingi juu.

Chukua sufuria nzito, pana kuliko trei yako. Tandaza mchanga safi mkavu chini, unene wa vidole viwili, kisha weka vijiwe vitatu vya kushikilia trei. Funika kwa sinia la bati au mfuniko bapa, iache ipate moto robo saa. Makaa ya chini yawe machache na yaliyokwisha shika majivu. Ya juu ya mfuniko yawe yamekolea.

Kujua kama joto ni sahihi, weka trei ndogo tupu ndani na unyunyize unga kidogo. Ukiwa kahawia kabla hujahesabu hadi sitini, moto ni mkali, punguza. Ukichukua dakika tatu nne, ingiza vipande. Zungusha sufuria nusu mzunguko baada ya dakika 20, ongeza makaa ya juu yakizimika, na tegemea kuoka dakika 45 hadi 50. Mfuniko usifunuliwe kila mara kuchungulia, kila ukifunua joto linapotea. Pua itakuambia: harufu ya siagi na iliki ikijaa uani, angalia.

Uani, nimesema. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua watu.

Baking poda imeisha. Naweka magadi?

Hapana. Magadi ya kulainishia maharage ni makali na huacha ladha ya sabuni. Oka bila chochote, vipande vitakuwa vizito kidogo tu.

Nisipotumia ngano?

Unga wa mchele unakubali, ila vipande huwa vya mchangamchanga kama vileja. Unga wa mtama una ladha nzuri na tende, weka nusu mtama nusu mchele na yai moja la kushikilia. Unga wa muhogo peke yake hunata kama gundi. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni huudhuru utumbo wake, oti za kawaida nazo si salama, mara nyingi huchanganyika na ngano mashambani na viwandani, atafute zilizothibitishwa kwenye pakiti.

Vinakaa siku ngapi?

Sukari nyingi ndiyo iliyokuwa ikilinda keki na jemu dhidi ya ukungu, na vipande hivi vina unyevu mwingi. Pwani, siku mbili nje ndani ya chombo kilichofunikwa, baada ya kupoa kabisa. Kwenye friji wiki moja. Kwenye friza miezi mitatu, vikitenganishwa kwa karatasi. Vya embe na nanasi viende friji siku hiyo hiyo.

Naweza kutengeneza kashata kwa njia hii?

Hilo nalikataa. Kashata imeundwa na sukari iliyochemshwa ikaganda. Ukiiondoa hakuna kinachobaki kuitwa kashata. Nazi na tende zilizobanwa pamoja ni kitafunwa kizuri, kitafutiwe jina lake.

Nataka kuviuza. Naandika "bila sukari"?

Usithubutu. Kwa mwongozo wa Codex, chombo cha viwango vya vyakula kilichoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO), chakula kinaitwa kisicho na sukari kikiwa na nusu gramu au pungufu katika gramu 100. Vyako vimepita hapo mbali sana. Hata "bila sukari iliyoongezwa" ina masharti: mwongozo huo unataka kusiwe na kiambato chenye sukari kinachochukua nafasi ya sukari, na miongoni mwa mifano unaoitaja ni rojo la matunda yaliyokaushwa. Hilo ni rojo lako la tende kabisa. Nyumbani tunaweza kuviita tupendavyo, kwenye pakiti ni habari nyingine, hasa mnunuzi akiwa mgonjwa anayeamini alichosoma.

Kabla ya kuchapisha lebo, uliza shirika la viwango la nchi yako: TBS, ambalo tangu 2019 linasimamia pia usalama wa chakula Tanzania Bara, au KEBS kwa walio Kenya, au ZBS kwa Zanzibar. Maneno ninayoyaona salama ni "vimetiwa utamu kwa tende", yakifuatiwa na viambato vyote kwa mpangilio wa uzito, kikubwa kwanza. Katika vipimo hivi, tende ndizo zitakazoongoza orodha.